Kituo Chini ya Nyumba ya Bi Mwamini

Ninyi mnaobaki na kazi ya chini mmeniomba niandike ninayoyakumbuka kabla magoti yangu hayajakataa kunitoa nje ya nyumba. Nimekubali. Sitaandika nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Hayo ni mambo ya karani, na karani mwenyewe sikumpenda. Nitaandika jinsi kilima cha Rumonge kilivyotobolewa, na jinsi mimi, Sudi, nilivyomwonea wivu mwenzangu Feruzi tangu mwanzo wa kazi mpaka juzi nilipoweka sururu chini. Feruzi ndiye nyapara wenu sasa, na najua atasomewa haya. Asomewe.

Tulifika kwa mtumbwi kutoka Ujiji, watu watatu: Feruzi, mimi, na fundi wetu Almasi. Fundi Almasi alikuwa Mmanyema, mchimba visima tangu ujana, mtu mfupi mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Alituchukua sote wawili siku moja, akatufundisha sote wawili kwa maneno yale yale. Feruzi alikuwa mrefu, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Mimi nilikuwa na mkono mzuri zaidi. Fundi mwenyewe alilisema hilo mara moja, tukiwa ndani ya kisima huko Ujiji, na sikupata kulisikia tena, lakini sijalisahau.

Wadachi, wale Wajerumani waliotutawala siku hizo, walikuwa na taabu moja Rumonge. Mbele ya mji ziwa lina mchanga na maji ni haba, kwa hiyo meli ilikuwa inasimama mbali, na kila pipa la mawese na kila gunia la chumvi lilipelekwa kwa mitumbwi. Kule nyuma ya kilima maji yana kina, meli inaweza kufika mpaka ukingoni. Lakini kilima kimeingia ziwani kama mguu, na kukizunguka lazima upite kwenye tope lenye mamba. Basi Bwana Mhandisi alitaka njia ya chuma ya vigari vya kusukuma, itoke sokoni, ipite moja kwa moja, ifike gatini. Watu walimwita Bwana Kamba, kwa sababu hakuonekana popote bila kamba yake ya kupimia. Alipima kilima siku tatu. Siku ya nne akaita watu wote barazani, akasema:

"Kilima kitakatwa. Nyumba zote juu, vunja."

Juu ya kilima ndipo walipokaa Waswahili wa Rumonge, mafundi, wavuvi na wachuuzi, na huko ndiko yalikokuwa makaburi yao. Askari walikuwa wamesimama nyuma yetu na bunduki zao, na kila mmoja alijua baraza kama lile linavyokwisha. Ndipo akasimama mwanamke mmoja, mjane, amejifunga kaniki, mikono imechubuka kwa kusuka mikeka. Huyo ndiye Bi Mwamini.

"Bwana," akasema, "pale iko kaburi ya mume wangu. Wewe kaburi ya baba yako iko wapi? Umeipitishia gari?"

Mkalimani aliangalia miguu yake, hakutafsiri. Hakukuwa na haja. Bwana Kamba alikuwa amekwisha kuwa mwekundu. Sijui ingekuwaje kama Fundi Almasi asingekohoa.

"Bwana, mimi nachimba visima," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Kisima kinaweza kulala."

Bwana Kamba akamtaka aeleze. Fundi akachora mchangani kwa kidole: kilima, nyumba juu yake, na tundu linalopita chini kutoka upande mmoja hadi wa pili. Katikati akachora tundu pana kama ukumbi. Hapo, akasema, vigari vitasimama na kupishana, na ngazi itashuka kutoka mjini ili watu walete mizigo yao bila kuzunguka kwenye mamba. Kituo chini ya mji. Nyumba zitabaki, makaburi yatabaki, Bwana atapata njia yake. Bwana Kamba alizunguka ule mchoro mara mbili akiupima kwa macho. Kisha akakubali, kwa sharti moja, na safari hii mkalimani alilitafsiri kwa sauti ili kila mtu asikie: nyumba moja ikianguka, zote zitavunjwa.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza.

Siku ya kwanza hatukuchimba. Fundi alituweka mbele ya ukuta wa kilima, akatuambia tuupige kwa mpini wa sururu na kuweka sikio. "Unaitika au umenyamaza?" akauliza. Udongo mzima huitika, sauti inarudi kavu. Udongo wenye ufa au maji hulia kama mtungi uliopasuka. Tulipiga na kusikiliza mpaka jua likapanda. Nilitaja nyufa mbili ambazo Feruzi hakuzisikia, nikamwangalia Fundi. Fundi alitikisa kichwa tu, akaenda kunawa.

Nawaandikia hapa jambo la boriti, kwa sababu najua wengine wenu mnaona ni ubishi wa wazee. Boriti ya chini iwe ya mninga au mvule. Mti mgumu ukizidiwa hulia kwanza; unasikia ukikwaruza, unapata nafasi ya kukimbia. Mchikichi haulii. Uko mwingi hapa, ni mwepesi kukata, na kila karani atakuuliza kwa nini usiutumie. Mwambie kwamba mchikichi unavunjika kimya. Katika tundu refu unaweza kuuegemeza kwa siku moja ukisubiri mti wa kweli. Siku mbili, hapana. Mnajua kwa nini nalishikilia sana hili, au mtajua baada ya kurasa chache.

Tulipoingia ndani kiasi cha kutoona tena mdomo wa tundu, Fundi akasema sasa nyumba za juu lazima ziangaliwe. Njia yake ilikuwa rahisi. Kila nyumba iwekewe udongo mbichi, mwembamba, juu ya kila ufa wa ukutani. Udongo ukikauka, ufa ukitembea hata kidogo, utakatika. Na sakafuni liwekwe bakuli la maji lililojaa hadi ukingo. Nyumba ikiinama, maji yatamwagika upande mmoja. Alitakiwa mtu mmoja wa kuzunguka kila asubuhi, kuangalia udongo na mabakuli, na kuzungumza na wenye nyumba. Nilijua mtu huyo ni mimi. Nilikuwa najua kusoma na kuandika, na nilikuwa najua Kirundi, maana mama yangu alitoka upande wa Minago.

"Feruzi," akasema Fundi, "wewe utakaa juu."

"Fundi," nikasema, "Kirundi nakijua mimi."

"Unakijua," akasema. "Lakini unakisema kama unatoa amri."

Nikabaki chini. Nilipewa usimamizi wa mbele kabisa, mahali pa kuchimbia, ambapo ndipo penye heshima kwa fundi yeyote mwenye akili. Leo naona hivyo. Siku zile niliona giza, na jasho, na taa za mawese zinazonitia masizi puani, na wachimbaji walioletwa kwa nguvu kutoka milimani, wengi hawakuwahi kuona ziwa. Karibu wote nilifanya nao kazi bila kuwajua majina. Mmoja tu, Misago, mtu wa Bugarama, alikuwa na tabia ya kuniambia "Amahoro", salamu ya amani ya Kirundi, kila asubuhi kabla hajashika sururu, hata siku ambazo sikumjibu.

Feruzi kule juu alikuwa anakunywa uji. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila nyumba aliyoingia alikalishwa. Akishuka mchana kutupa habari ananuka ndagala wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, na huku mfukoni ameshindiliwa karanga. Watoto walimfuata. Wazee wa msikitini walimwuliza ngazi itokee wapi, naye akaja kumwambia Fundi kwamba wanaomba itokee upande wa soko, mbali na msikiti, na Fundi akamwambia Bwana Kamba, na Bwana Kamba, sijui kwa muujiza gani, akakubali. Halafu likaja jambo la kifusi. Udongo tuliotoa ulikuwa unamwagwa ufukweni, mahali wanawake wanapoanika ndagala. Mimi nililiona hilo wa kwanza. Nilimwambia Misago, "Wanawake watakuja juu," nikaendelea kuchimba. Feruzi aliliona wiki moja baadaye, akaenda kukaa na wale wanawake, akarudi na jibu: kifusi kimwagwe kwenye tope, kifanye tuta la kupitia. Mji mzima ulimsifu. Nilitaka kumwambia mtu kwamba wazo lilikuwa langu, lakini kwa kweli wazo langu liliishia kwa Misago.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa Bi Mwamini. Nyumba yake ilikuwa juu ya ukumbi, palepale kitakapokuwa kituo. Alikataa kuwekewa udongo ukutani. Alisema nyumba yake si mgonjwa wa kubandikwa dawa. Feruzi alienda siku ya kwanza, akafukuzwa. Siku ya pili akafukuzwa. Siku ya tatu alimkuta anasuka mkeka, akaketi akamshikia ukindu bila kusema chochote mpaka adhuhuri. Siku ya nne Bi Mwamini mwenyewe aliukanda udongo kwa mikono yake. Tangu hapo alimwita "mwanangu". Nilimsikia mara moja nikipita na boriti begani: "Mwanangu Feruzi, leo hukuja mapema." Mimi alinipa salamu kama mtu anayempa mbwa wa jirani nafasi ya kupita. Nikaenda na boriti yangu, na siku hiyo nzima nilichimba kama mtu anayetaka kumuumiza mtu.

Sasa nifike pale.

Tulikuwa tumeanza kupanua ukumbi. Mninga ulikuwa umechelewa kuletwa, na mimi, kwa idhini ya Fundi, nikaegemeza dari kwa michikichi minne. Kwa siku moja, Fundi alisema. Siku ya pili asubuhi Fundi alikuwa kwenye mdomo wa tundu la pili, lile tulilochimba kutoka upande wa ziwa, akipima na Bwana Kamba. Feruzi akashuka kwa haraka. Hakuwa anacheka.

"Sudi, udongo wa jikoni kwa Bi Mwamini umekatika. Na bakuli limemwaga upande wa ziwa."

"Wiki iliyopita pia lilimwaga," nikasema. "Mbuzi aliyanywa maji."

"Leo hakuna mbuzi. Nimetazama mwenyewe. Simamisha watu, umwambie Fundi. Mimi narudi juu kuwatoa mle ndani."

"Nitamwambia," nikasema.

Akageuka akaenda. Aliniamini kabisa, sikuona hata chembe ya shaka usoni mwake. Nami nilisimama na taa mkononi nikafikiri: leo tena Feruzi atakuwa amesema kweli. Leo tena jioni watakuwa wanasimulia alivyoona, alivyoshuka, alivyookoa. Nilitaka akosee mara moja tu, mbele ya watu, ili nione uso wake unavyokuwa. Hilo ndilo nililolitaka, na nimeliandika kama lilivyokuwa.

Baada ya kitambo Fundi akapita, anatafuta kamba aliyoisahau.

"Juu kuna habari?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

Akachukua kamba yake akaenda.

Misago alikuwa anachimba karibu nami. Alikuwa hajui Kiswahili kingi, lakini alijua uso. Akaniangalia. "Mukubwa," akasema, "tunaendelea?" Nikamwambia aendelee. Sikumaliza hata kufuta jasho. Mchikichi wa katikati ulivunjika bila sauti, kama nilivyowaambia unavyovunjika, na dari ikashuka yote kwa pamoja.

Nilipoweza tena kupumua kulikuwa giza tupu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa chini ya boriti. Misago alikuwa hai, nilimsikia akiita mama yake kwa Kirundi, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Mukono yangu imevunjika." Kati yetu na mdomo wa tundu kulikuwa na udongo sijui wa urefu gani. Nikamwambia tusiseme sana, hewa ni kidogo. Tukakaa hivyo. Nilijua ni nini kimeanguka juu yetu: nilipopapasa nilishika jiwe la moto, la mafiga. Jiko la Bi Mwamini lilikuwa pamoja nasi.

Kisha tukasikia majembe. Yalitoka juu, siyo mdomoni. Kwanza moja, halafu mengi. Halafu sauti za watu, wanaume na wanawake, mji mzima ulikuwa juu ya vichwa vyetu.

"Feruzi, hapa?"

"Hapana, mbele kidogo. Chimba pembeni, usisimame juu yao."

"Feruzi, leta kikapu!"

"Feruzi, nasikia mutu!"

"Unasikia?" Misago akaninong'oneza. "Wanatuita."

Mimi nilikuwa nasikia jina moja tu. Nimelala na mguu uliovunjika, nimeua nyumba ya mjane, labda nimeuza mji mzima, na bado nilikuwa nahesabu ni mara ngapi wanamtaja Feruzi. Tundu lilipofunguka, uso wa kwanza ulioingia na mwanga ulikuwa wake.

"Sudi! Uko mzima?" akasema, akaninyoshea mkono.

"Misago kwanza," nikasema.

Watu walinisifu kwa maneno hayo mawili siku nyingi. Sasa mjue: sikuwa namwonea Misago huruma. Sikuweza kuushika ule mkono.

Hakuna aliyekufa. Bi Mwamini na wajukuu wake walikuwa wametolewa na Feruzi kabla jiko halijazama. Lakini kesho yake Bwana Kamba akaita baraza, nami nikabebwa kwa kitanda mpaka pale, mguu umefungwa kwa vijiti. Alikuwa na maneno mawili tu. La kwanza: nyumba imeanguka, kwa hiyo zote zitavunjwa, kilima kitakatwa wazi. La pili: mtu aliyewekwa kuangalia nyumba hakutoa habari, kwa hiyo atapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Askari wakamshika Feruzi.

"Nilitoa habari, Bwana," akasema Feruzi.

"Kwa nani?"

Fundi Almasi alimwangalia Feruzi, kisha polepole akanigeukia mimi. Feruzi hakunigeukia. "Niliitoa shimoni," akasema, na hakuongeza neno.

Hata hapo, jamani, hata hapo niliona wivu. Niliona kwamba anaweza kukaa kimya hivyo, na mimi nisingeweza. Nilitazama chini. Bi Mwamini alikuwa amekaa karibu na kitanda changu, amejifunika kaniki. Sijui alijua tangu lini. Aliinama kama mtu anayenitengenezea blanketi, akasema kwa sauti ya chini:

"Unasubiri nini? Ukisubiri mpaka wamupige, utakuja kuniambia mimi, na mimi sitaki kusikia. Waambie wao."

"Bi Mwamini, mimi—"

"Waambie wao."

Nikasema. Sauti ilitoka vibaya, ikabidi nirudie. Nikasema Feruzi alishuka akaniambia, nami sikumwambia Fundi. Nikasema Fundi aliniuliza, nami nikamdanganya. Nikasema michikichi ilitakiwa kuondolewa asubuhi ile na sikuiondoa. "Kilima hakina kosa, Bwana," nikasema. "Ukikiegemeza kwa mti mgumu kitasimama. Kosa ni la mtu." Mkalimani alitafsiri yote, safari hii bila kuruka neno. Bwana Kamba akauliza kwa nini nilifanya hivyo. Fundi Almasi akasema, "Bwana, jambo hilo ni letu wenyewe," na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote.

"Lakini nyumba imeanguka," akasema Bwana Kamba.

Bi Mwamini akasimama. "Jiko si nyumba," akasema. "Hata Mudachi halali jikoni."

Watu walicheka kwa hofu, na askari mmoja pia. Bwana Kamba akaenda kupima mwenyewe, na Fundi, na kamba. Waliporudi alisema kazi iendelee, kwa mti mgumu tu, na viboko vya Feruzi sasa ni vyangu. Nyumba zikabaki. Mguu wangu ulipopona nikapewa hamsa ishirini zangu, kama alivyoahidi. Wadachi hawasahau ahadi za namna hiyo. Sitaandika zaidi juu ya siku ile, isipokuwa kwamba Feruzi hakuja kutazama, na nilishukuru.

Fundi hakunirudisha mbele. Aliniweka chini ya Feruzi, nizunguke naye nyumba kwa nyumba. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko ile nyingine, na nadhani alijua. Watu wengi hawakunifungulia. Bi Mwamini alifungua, akanikabidhi jembe, nikamjengea jiko jipya, kuta mpaka paa, na hakunipa maji ya kunywa mpaka lilipokwisha. Katika kuzunguka huko nilijifunza neno moja, na hili ndilo nataka mlishike ninyi vijana mnaokwenda juu siku hizi: ukiingia, keti. Usiangalie ukuta kabla hujamwangalia mwenye nyumba. Ukianza na ukuta, umekwisha kumwambia kwamba nyumba yake inaanguka, na hutasikia tena kutoka kwake jambo lolote la kweli. Feruzi hakunifundisha hili kwa maneno. Nilimwona akilifanya kila siku, na kila siku lilinichoma.

Siku moja, tukiwa tumeketi kwenye tuta, nilimwuliza kwa nini hakunitaja.

"Nilijua utasema mwenyewe," akasema.

"Na kama nisingesema?"

"Basi ningepigwa," akasema, akaanza kuvua kiatu chake kutoa mchanga.

Ndivyo alivyo. Mtu wa namna hiyo huwezi hata kumchukia kwa raha.

Matundu mawili yalikutana chini ya kilima mwaka wa pili, na yalipishana kwa upana wa kiganja tu. Ngazi ikatokea upande wa soko. Vigari vikaanza kupita, mawese yakaenda gatini bila kulowa, na wenye mizigo wakawa wanasubiri kwenye ukumbi wenye ubaridi, wakilalamika kwamba ni mwembamba. Fundi Almasi alirudi Ujiji akafariki huko. Timazi yake, ule uzi wenye risasi aliopimia kila kisima cha maisha yake, alimwachia Feruzi. Nililia sana kwenye matanga, na watu walidhani namlilia marehemu peke yake. Feruzi akawa nyapara. Mimi nikapewa boriti na taa, kazi niliyoifanya mpaka juzi, na hakuna boriti ya mchikichi iliyopita mdomo ule nikiwepo.

Miaka yote hiyo Bi Mwamini hakushuka kituoni hata mara moja. Alizunguka kwa njia ya tuta na kikapu chake kichwani, kwenye jua, wakati ngazi iko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Kila mwaka Feruzi alimwomba. Alisema hajafa, hana haja ya kuwa chini ya ardhi.

Juzi ilikuwa siku yangu ya mwisho. Mlikuwapo wengi, mliona. Nilikuwa nakagua boriti za ukumbi mara ya mwisho, mkono juu ya kila moja, niliposikia watu wamenyamaza kwenye ngazi. Bi Mwamini alikuwa anashuka, amezeeka, anashika ukuta. Feruzi alimkimbilia akamnyoshea mkono.

"Wewe baki, mwanangu," akasema. "Nataka huyu aliyeangusha jiko yangu."

Nikampandia mpaka nusu ya ngazi, nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi sana. Feruzi alibaki nyuma yetu kwenye ngazi, hajui aweke wapi mikono yake. Nilimwona, na nilifurahi. Sitaficha: nilifurahi sana.

Tulitembea polepole hadi katikati. "Jiko iko wapi?" akauliza. Nikainua taa nikaweka kiganja kwenye boriti ya mninga juu ya vichwa vyetu. "Hapa, Bi Mwamini. Hapa hasa." Akainua uso. Ndipo tukasikia: dum, dum, dum, kwa mbali, ndani ya mti. Kwake juu walikuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Ni wakwe zangu hao," akasema. "Mnawasikia hivi kila siku?"

"Kila siku."

Akasikiliza tena kitambo kirefu, mkono wake bado umo mkononi mwangu.

"Hamukusema," akasema. "Nitawaambia watwange polepole. Kumbe huku chini iko watu wanafanya kazi."